Ustadh Twaha Wekesa Khisa (1956–2025): Mwalimu wa Kanuni Tano, Mkwe wa Chekalini

Ustadh Twaha Wekesa Khisa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956 katika kijiji cha Lureko, Mumias, watu wakiwa shambani wanavuna mahindi, na ndiyo maana akaitwa Wekesa. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Khisa Makokha, fundi cherehani, na marehemu Bi. Mwanahawa Nanjala. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alichelewa sana kusema, mpaka majirani wakaanza kunong'ona, lakini alipofungua mdomo, neno lake la kwanza lilikuwa swali. Swali lenyewe hakuna aliyelikumbuka. Yaliyofuata yalikuwa mengi mno.

Alisoma shule ya msingi na ya upili hapo Mumias kuanzia mwaka 1963 hadi 1974. Asubuhi alikuwa darasani, jioni alikuwa kwenye mkeka wa Maalim Shaban Osundwa, mzee mkali mwenye sauti ndogo, ambaye ndiye aliyemfundisha kile alichokuja kukipenda kuliko masomo yote: kanuni tano za fikihi. Si zile nguzo tano za dini ambazo kila mtoto wa madrasa anazitaja akiwa amefumba macho. Hizi ni nyingine. Hebu fikiria, vitabu vya sheria ya Kiislamu vinaweza kujaza kabati zima mpaka mlango usifungike, halafu wanazuoni wa zamani wakakaa, wakazipitia hukumu hizo kwa maelfu, wakaona kwamba nyingi mno zinasimama juu ya sentensi tano fupi ambazo mtu anaweza kuziandika kwenye kiganja. Twaha kijana aliziandika kweli kwenye kiganja, kwa kalamu ya wino. Mama yake akamwambia anawe mikono ale. Akala na mkono mwingine, akaadhibiwa.

Mwaka 1977 alijiunga na Chuo cha Ualimu cha Eregi, akahitimu mwaka 1978. Mwezi Januari 1979 alianza kazi katika shule ya msingi karibu na msitu, Buyangu, ambako alisema nyani walikuwa wakihudhuria shule kwa bidii kuliko wanafunzi. Mwaka 1982 alihamishiwa Chekalini, Lugari, na baadaye akafundisha shule mbalimbali za mji wa Kakamega hadi alipostaafu mwaka 2016. Lakini hata kabla ya kustaafu, kila Jumamosi na Jumapili alifungua madrasa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yake mtaani Amalemba. Hapo ndipo kanuni tano zilipovuliwa kilemba zikavalishwa gamboti za kwenda shambani.

Mtoto mmoja alimjia siku moja karibu na sala ya adhuhuri, uso umemwiva kwa wasiwasi.

"Ustadh, nilitawadha lakini sijui kama nimetoka upepo."

"Umesikia sauti?"

"Hapana."

"Umesikia harufu?"

"Hapana. Lakini Hashim ananiangalianga."

"Hashim si dalili. Kaswali."

Hiyo ndiyo kanuni isemayo kwamba yakini haiondolewi na shaka. Una hakika ulitawadha, huna hakika kama udhu umetenguka, basi ulilo na hakika nalo ndilo linalobaki. Mama mmoja alipouliza kama nguo iliyorukiwa na matope ya barabarani inafaa kwa sala, alimjibu kwamba kama matope ya Kakamega yangekuwa yanaharibu sala, hapa hakungeswaliwa tangu Machi hadi Novemba. Hiyo ni ile isemayo kwamba uzito huleta wepesi. Wanafunzi waliobishana kama muuza mahindi amewapunja aliwapeleka sokoni Masingo wakaone jinsi gorogoro, ule mkebe wa kupimia, linavyojazwa mpaka likafanya mlima juu, akawaambia, ule mlima haukuandikwa popote, lakini ukimpa mtu gorogoro la kusawazishwa kwa mkono umemdhulumu, kwa sababu desturi ya watu huamua. Na kijana aliyefagia ua wa madrasa siku ile tu wageni walipokuja, alimwambia kwa upole, "Fagio limefanya kazi. Wewe bado." Mambo hupimwa kwa makusudio yake.

Ya tano husema kwamba madhara huondolewa. Hiyo hakuifundisha kwa mfano wa sokoni. Aliifundisha kwa kujisema mwenyewe, na ndipo inapoingia ndoa yake.

Alipofika Chekalini mwaka 1982, mwalimu wa nasari katika shule ile alikuwa Jescah Nekesa, binti wa Mzee Ignatius Wanjala, katekista wa Kikatoliki, na Mama Rachael. Twaha alimpenda kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mtu wa kwanza kumjibu maswali yake yote na kisha kumuuliza lake. Mwezi Desemba mwaka ule alikwenda kujitambulisha nyumbani kwao. Alifuatana na mwalimu mwenzake, Wesley Kipkemboi, kijana mrefu mcheshi ambaye alikuwa tayari kumsindikiza mtu yeyote mahali popote penye chakula.

Kila mtu wa huku anajua mkwe anapokelewaje. Aliletewa maji ya kunawa, akaletewa obusuma, yaani ugali, kisha ikaletwa ingokho, kuku mzima wa heshima, kwenye sahani yenye maua, firigisi ikiwa juu kabisa ionekane. Twaha aliitazama ile sahani. Moyoni aliona mkeka wa Mumias, akasikia sauti ndogo ya Maalim, na badala ya kuunyamazisha wasiwasi wake akaupa nafasi ya kusema.

"Samahani, Mama. Huyu kuku alichinjwa na nani?"

Mama Rachael alimtazama mumewe. Mzee Ignatius akaweka bakuli chini.

"Alichinjwa na mwenye boma. Kuna shida?"

"Hakuna shida, Mzee. Ni vile niko na shaka kidogo."

"Shaka na nani? Na kuku, ama na mimi?"

Twaha alikula obusuma na mboga ya mrenda, macho chini. Ile sahani yenye maua ikakaa katikati ya meza kama mtu aliyetukanwa. Mwishowe Wesley alikohoa akasema, "Mimi kwa upande wangu sina shaka yoyote," akaivuta kwake. Na hakubakisha.

Mzee hakukasirika kwa sauti. Siku iliyofuata alimwambia binti yake, "Kijana ni mzuri. Lakini kama hawezi kula kwangu, atakaaje na mtoto wangu?" Mambo yakasimama hapo. Hakukataa, wala hakukubali.

Twaha aliendelea kwenda, na kila alipokwenda alipokelewa kwa heshima iliyomuumiza. Wageni wengine waliwekewa kuku. Yeye aliwekewa mayai ya kuchemsha, yamemenywa vizuri, pamoja na chumvi. "Kula, mwanangu," Mama Rachael alimwambia. "Yai halichinjwangi." Watoto wa pale kijijini wakampa jina, Mkwe wa Mayai, na alipopita na baiskeli yake walitetea kama kuku nyuma yake. Ilifika mahali akaanza kuota mayai.

Hayo angeyavumilia. Lakini mwaka 1983, mahindi yakiwa yamebeba, mkulima mmoja wa Lumakanda mwenye trekta yake alianza kupita kwa Mzee Ignatius kusalimia. Alikula kila alichowekewa, akaongezwa, akaongezwa tena. Jescah alimngoja Twaha kwenye mlango wa darasa la nasari.

"Yule mtu wa trekta amekula kuku wetu mara ngapi sasa?"

"Sijui," Twaha akasema.

"Mimi najua. Mama amebaki na mitetea tu. Twaha, baba hajakukataa. Wewe ndiye ulikataa. Ukitaka niolewe na trekta, uniambie mapema nijifunze kuiendesha."

Jumamosi iliyofuata Twaha alikuwa Mumias, kwenye mkeka ule ule. Alimweleza Maalim Shaban mambo yote, akitarajia kwa siri kusifiwa kwa uchaji wake. Maalim alimsikiliza akichambua njugu.

"Kabla hujauliza lile swali lako, ulikuwa na hakika ya nini?"

"Kwamba ni watu wa Kitabu, na chakula chao tumehalalishiwa."

"Uliona kitu chochote? Uliambiwa kitu?"

"Hapana, Maalim."

"Shaka ilitoka wapi?"

"Kichwani mwangu."

"Basi umemfukuza mwenye nyumba ukamkaribisha mpita njia. Masahaba waliletewa nyama wasijue kama ilitajiwa jina la Mungu. Waliambiwa nini?"

"Walitaje wao wenyewe, kisha wale."

"Na wewe ulikuwa umekosa ulimi?" Maalim akatia njugu mdomoni, akatafuna taratibu. "Kanuni ni kama kisu, ina mpini na ina makali. Wewe umeshika makali, na tena umemkata mzee wa watu mezani kwake. Madhara hufanywa nini?"

"Huondolewa."

"Na nani?"

"Na aliyeyaleta."

"Mbona bado umekaa hapa?"

Alisema njia yote ya kurudi Chekalini alikuwa anatafuta namna ya kuyaondoa. Kwa sababu kuna jambo ambalo Maalim hakulifikiria: kwetu huku mgeni haombi kuku. Mgeni anayeomba kuku ni afadhali aombe shamba. Sasa mtu aliyekataa kuku atampataje tena bila kuomba? Akafikiri, akafikiri, akaona njia moja nzuri sana. Akapita soko la Lumakanda, akanunua jogoo mwekundu mkubwa, akamfunga kwenye kibebeo cha baiskeli, akaingia naye uani kwa Mzee Ignatius akiwa anatabasamu.

Mzee alikuwa amekaa kibarazani na Wesley, ambaye siku hizo alikuwa akija hata bila kusindikiza mtu. Mzee alimwona jogoo, uso ukambadilika.

"Sasa umekuja na kuku wako," alisema polepole. "Kwangu hakuna kuku safi. Na kisu pia umebeba?"

Hapo ndipo Twaha alipoelewa kwamba amechimba shimo lingine kando ya lile la kwanza. Jogoo akawika. Jescah akatokea jikoni, akajishika kichwa, akarudi ndani. Twaha alishuka kwenye baiskeli, akapiga magoti kwenye vumbi na jogoo wake mikononi.

"Mzee, sikubeba kisu. Nilikuja hapa kwako mara ya kwanza nikaweka shaka mahali ambapo hapakuwa na shaka. Nilikosea dini yangu, na nilikukosea wewe. Huyu ni wako. Akae, achinjwe, hiyo ni juu yako. Lakini siku yoyote utakayochinja kwa mkono wako katika boma hili, mimi nitamtaja Mungu na nitakula."

"Na ile shaka?"

"Nimeiacha Mumias."

Mzee Ignatius alimchukua yule jogoo, akampima uzito kwa mkono kama mnunuzi, akampa Wesley amshike. Akaingia nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na jogoo mwingine, mweupe, wa kwake.

"Mgeni hali kuku aliyekuja naye," alisema. "Hiyo ni desturi yetu. Rachael, weka maji jikoni."

Alimchinja mwenyewe, mbele ya Twaha, huku akimtazama. Chakula kilipoivishwa, ile sahani yenye maua ilitoka tena. Twaha akasema bismillah kwa sauti ya kusikika, akala. Mzee akachukua firigisi, ambayo katika nyumba ile hakuna mtu mwingine aliyewahi kuionja, akaiweka kwenye sahani ya mkwe wake. Wesley alipata shingo, na amelalamika juu ya shingo hiyo mpaka leo. Yule jogoo mwekundu hakuchinjwa kamwe. Alibaki Chekalini, Mzee akampa jina Ustadh, akawa anawika kabla ya alfajiri na kuamsha waumini wa dini zote.

Baada ya padri kutoa ruhusa kwa upande wake na Maalim kwa upande wake, Twaha na Jescah walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1984. Jescah alibaki na kanisa lake na Twaha na msikiti wake, na kwa miaka yote hiyo, Jumapili ikinyesha, Ustadh alionekana akimsindikiza mkewe kwa mwavuli hadi mlango wa kanisa, kisha akirudi kufungua madrasa. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu, Emily Mwanaidi, Hashim na Yusuf. Na ndiyo, yule Hashim aliyekuwa akiwaangalia wenzake ni huyo huyo.

Mwaka 2017 Ustadh aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari. Aliacha sukari, akaacha soda, akaacha hata muwa, jambo ambalo kwa mtu wa Mumias si dogo. Kitu kimoja alikataa kuacha: kufunga. Ramadhani ya mwaka 2024 daktari alimkataza kabisa. Ustadh alimshukuru sana daktari, akarudi nyumbani, akanuia kufunga. Watu aliowafundisha wepesi maisha yake yote walimkumbusha, akawaambia wepesi ni wa wagonjwa. Siku ya pili alianguka karibu na jiko.

Bi. Jescah hakubishana naye. Asubuhi iliyofuata hakupika chai. Saa sita mchana alikuwa bado amekaa kwenye kiti, mikono mapajani.

"Hujala?" Ustadh alimuuliza.

"Siku hizi mchana mimi sikulangi."

"Jescah, wewe una vidonda vya tumbo. Daktari alisema usikae na njaa."

"Na wewe una sukari. Daktari alisema vile vile. Tukae tu."

Wakakaa. Saa ya ukutani ikatembea. Ustadh alimwona akibonyeza tumbo kwa ngumi kidogo, kwa namna ambayo alidhani haonekani. Alikuja kueleza baadaye kwamba njaa yake mwenyewe angeweza kubishana nayo hadi magharibi, lakini ile ngumi hakuwa na la kuijibu. Kufunga kwake kulikuwa kumeanza kumla mtu mwingine.

"Lete uji," alisema. "Vikombe viwili."

Tangu siku hiyo alikula mchana, na kwa kila siku aliyokula alimlisha mtu asiye na uwezo, kama sheria inavyoelekeza. Ila kwa siku chache za mwanzo alikuwa anakunywa uji wake chumbani, mlango umefungwa, mpaka Bi. Jescah akauliza kutoka nje, "Unamficha nani, Mungu ama majirani?" Mlango ukafunguliwa. Aliendelea na madrasa yake, akaona mahindi mengine yakivunwa mara mbili, akashuhudia mjukuu wake wa kwanza akimshinda kwenye bao na yeye mwenyewe akadai marudio.

Mwezi Oktoba mwaka huu figo zake zilichoka. Alilazwa hospitalini Kakamega, akaaga dunia leo Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, kabla ya jua kuchomoza, Bi. Jescah akiwa amemshika mkono. Aliomba radhi kwa kila aliyemkosea. Alipoulizwa kama kuna deni lolote, alisema Wesley bado anamdai kipande kizuri badala ya ile shingo.

Kwetu Waislamu maiti haikai, na wazee wa msikiti walikuwa wamepanga azikwe baada ya sala ya adhuhuri. Lakini saa mbili asubuhi simu ililia kutoka Chekalini. Alikuwa Mzee Ignatius, ambaye sasa ana miaka tisini na mitatu na miguu haimtii.

"Msimzike bila mimi," alisema. "Nakuja. Mniambie saa, lakini msiniambie nimechelewa."

Imamu wetu alisogeza mazishi hadi baada ya alasiri. Mzee mmoja wa msikiti akauliza kuhusu huu wasifu, kwamba kusoma karatasi kaburini si mambo yetu. Imamu akajibu kwamba ni mambo ya watu wa mke wake, na ndivyo wanavyoagana na mtu waliyempenda. Hakuna uongo ndani, hakuna kuomboleza kwa mayowe, basi desturi njema na iamue. Ndiyo maana unasomwa.

Mzee Ignatius aliingia Amalemba saa nane, akashikwa mikono na watu wawili, mmoja wao Wesley. Walimpeleka mpaka kando ya jeneza. Alisimama hapo, akasema mulembe, salamu ya amani ya kwao. Kisha akawekwa kwenye kiti karibu na meza ambapo wajukuu walikuwa wanamalizia ukurasa huu kabla ya kuupeleka saiba, duka la kompyuta, kuchapishwa, akataka asomewe orodha ya walioachwa. Akasomewa: ameacha mke, watoto, wajukuu, baba mkwe.

"Nani huyo baba mkwe?"

"Ni wewe, Kuka," mjukuu mmoja akamjibu babu yake.

"Ondoa mkwe."

Wakamweleza kwamba watu hawataelewa, kwa sababu baba mzazi wa Ustadh alifariki mwaka 1999.

"Wataelewa," alisema. "Niko hapa. Asiyeelewa aniulize."

Kwa hiyo, Ustadh Twaha Wekesa Khisa ameacha mke wake, Bi. Jescah Nekesa, watoto wake Emily Mwanaidi, Hashim na Yusuf, wajukuu saba, ndugu zake wa Lureko, rafiki yake Mwalimu Wesley Kipkemboi, wanafunzi wengi wa Buyangu, Chekalini na Amalemba, na baba yake, Mzee Ignatius Wanjala wa Chekalini.

Mola alikunjue kaburi lake, amfanyie wepesi katika kila atakaloulizwa, na ampe pumziko lenye amani. Amina.